Ndoa ya Kileo na Siki

Mimi, Seif bin Hatibu wa Kayanga, ninazijua habari za pombe kuliko walevi wote wa Karagwe wakikusanywa mahali pamoja, na katika maisha yangu yote hakuna hata tone moja lililonipita kooni. Hakuna shahidi wa kusema vingine. Nimeliweka neno hili mbele ili msomaji asipate taabu ya kunishuku huko katikati.

Pombe niliijua kwa kusoma. Ilikuwa zamani za Wajerumani, kabla ya vita, alipokuja Daktari Ebeling kupima maji ya moto ya Mtagata, huko upande wa Kyerwa. Wenyeji huyaendea maji yale kuogea maradhi. Yeye aliyaendea na masanduku ya chupa. Alitaka mtu anayejua Kijerumani, nami nilikuwa nimerudi kutoka shule ya serikali ya pwani na kanzu mbili, kofia nzuri, na Kijerumani cha kumtosha Mjerumani asiye na haraka. Akaniajiri niwe mwosha chupa.

Nikaziosha. Lakini mtu hawezi kuosha chupa siku zote asiulize kilichokuwa ndani, nami tangu utoto ulimi wangu haukai. Nikauliza, akajibu. Nikauliza tena, akacheka, akafungua sanduku la vitabu. Kwao alikuwa akifundisha chuo kikuu, na nadhani aliwakumbuka wanafunzi wake, maana alinikalisha juu ya jiwe karibu na chemchemi akaanza kunifundisha kana kwamba jiwe lile ni dawati na mimi ni kijana wa mji wao. Asubuhi tulipima maji, mchana tulisoma. Vitabu vilikuwa viwili, vinene kama matofali. Cha kwanza kilieleza jinsi vitu vyenye kaboni vinavyoshikana na kuachana: mafuta, sukari, siki, kileo. Cha pili kilieleza habari za joto na mwendo: kwa nini jambo moja hutokea upesi na jingine polepole, na kwa nini mengine huishia njiani kabla ya kukamilika. Cha kwanza kilikuwa kigumu. Cha pili kilinifanya niwaonee huruma vijana wa Ulaya.

Masika yalipokwisha, Daktari alifunga safari ya Bukoba. Akaniachia vitabu, chupa moja yenye shingo ndefu, kichupa cha siki kali, kichupa cha tindikali, na kichupa cha kileo fulani kinachonuka vibaya, kizito kidogo kama mafuta. Akasema atarudi msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Nikitaka kujua kama nimesoma au nimeosha chupa tu, nimtengenezee mafuta ya ndizi kwa mikono yangu, kisha nimweleze kwa nini kazi ile haiishi.

Mafuta ya ndizi si mafuta ya kupikia. Kile kileo kinachonuka vibaya ukikichanganya na siki kali, ukatia tone la tindikali, ukapasha moto taratibu, uvundo wote unaondoka na panatokea kitu chenye harufu ya ndizi mbivu. Nilimwuliza Daktari kama kweli alisafiri kutoka Ulaya, akapanda meli, akavuka ziwa, akapandishwa milima na wapagazi, ili aje kutengeneza harufu ya ndizi Karagwe. Alifikiri kidogo, akasema lile lilikuwa swali zuri, tuendelee.

Sasa nimtaje ami yangu. Baba alipofariki nilikuwa mdogo, na kaka yake, Abdulrahim, ndiye aliyenilea na kunipeleka shule. Babu yao alikuja na misafara ya pwani enzi za Kafuro, kile kituo cha zamani cha wafanyabiashara, akaoa huku huku, na Ami alikuwa na duka Kayanga: nguo, chumvi, shanga, na nyuma ngozi na kahawa za kupeleka Bukoba. Mtu mkimya. Alikuwa anaingia ndani kama paka, unastukia amesimama nyuma yako anatafuna kahawa yake, buni zile zilizochemshwa na kukaushwa ambazo huku mgeni anapewa kabla hajasema shida yake.

Na Ami alikuwa na binti, Mwajabu.

Sitamweleza sana, kwa kuwa atasoma. Nitasema tu kwamba nilikwenda pwani tukiwa tunagombania maganda ya miwa, na niliporudi nikakuta sijui nimtazame wapi. Tulikuwa watoto wa ndugu wawili, na kwetu ndoa hiyo ni njema. Shida ilikuwa mfanyabiashara mmoja wa Bukoba mwenye maduka mawili na meno ya dhahabu, ambaye alikuwa ameleta salamu, na salamu zake zilifungwa katika kitambaa cha hariri.

Nilipomwendea Ami na shida yangu alinipa kahawa nitafune. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Seif mwanangu," akasema, "damu yangu siikatai. Lakini binti simpi mwosha chupa. Huyo Daktari wako akija akasema mbele yangu kwamba umesoma ukaelewa, Mwajabu ni wako. Akisema hukuelewa, nitamjibu mtu wa Bukoba. Na neno jingine. Nasikia vitabu vyako vimejaa habari za vileo. Soma utakavyo, ila pombe isiingie uani kwangu."

Nikasema naam, Ami. Nikaenda kusoma kama mtu anayekimbizwa na nyuki.

Nilisomea kwenye baraza ya uani, Mwajabu akimenya matoke, ndizi zetu za kupika, na mama yake, Bi Asia, akiwa jikoni mlango wazi na masikio wazi zaidi. Nilisoma kwa Kijerumani kimoyomoyo na kutoa Kiswahili kwa sauti, nikisema ndiyo njia nzuri ya kukumbuka. Mwajabu alisema ndiyo njia nzuri ya kumchelewesha mtu na matoke yake. Lakini hakuhama.

Nikamweleza kwamba kaboni ana mikono minne na hakubali mkono wowote ukae bure. Akasema kama shangazi zake siku ya gulio. Nikamweleza jinsi kileo na siki wanavyokutana. Kila mmoja anaacha kitu mlangoni, vile vilivyoachwa vinakuwa maji, na wao wawili wanakuwa mafuta ya ndizi. Akauliza lile tone la tindikali linaolewa na nani.

"Haliolewi na mtu," nikasema. "Linawakutanisha tu, wakishashikana linatoka kama lilivyoingia."

"Basi ni mshenga."

Niliangalia kitabu, nikaangalia tena. Kurasa nzima za Kijerumani, na yeye amezimaliza kwa neno moja huku kisu kikiendelea kumenya. Nikamwambia ndivyo hasa nilivyokuwa nataka kusema.

Jambo lililonitoa jasho zaidi lilikuwa la kutoisha. Kileo na siki wanaoana, sawa. Lakini wale waliokwisha kuoana, yakiwapo maji karibu, wengine wanaachana na kurudi makwao. Mwanzoni ndoa ni nyingi na talaka chache. Kadiri wenye ndoa wanavyoongezeka ndivyo talaka zinavyoongezeka, hata inafika mahali kwa kila ndoa inayofungwa hapa kuna moja inavunjika pale. Ukitazama kwa nje unadhani kumetulia. Ndani ni harusi na vilio bila kupumzika. Hapo kitabu kinasema umefika msawazo, na upashe moto mwaka mzima, hutapata zaidi.

Mwajabu akauliza kama washenga wakiongezwa ndoa zitaongezeka. Nikasema zitaongezeka, kwani kazi ya mshenga ni nini. Jioni ile nikasoma mbele kidogo nikakuta nimekosea kabisa. Sikumwambia. Mwalimu naye ana heshima yake.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Nilitaka aone kwa macho, au tuseme kwa pua. Nikatengeneza mafuta ya ndizi, kiasi cha kulowesha ncha ya kidole, nikayatia kwenye kipande cha kitambaa nikampa kama mtu anayetoa marashi ya Uarabuni. Akanusa. Akanitazama kwa huruma.

"Seif, umenipa harufu ya jikoni."

Lakini alikifunga kile kitambaa kwenye pindo la leso yake. Baada ya siku chache alikirudisha akasema harufu imekwisha. Nikatengeneza tena. Kikarudi tena. Sikuuliza mtu anayelalamikia harufu ya jikoni anaitakia nini, maana nilikuwa na furaha kupita kiasi cha kuuliza. Nikatengeneza, na nikatengeneza, mpaka asubuhi moja nikainamisha kichupa cha kileo kisitoke kitu. Kilikuwa kikavu kama mdomo wa mwenye saumu.

Na senene walikuwa wameanza kuanguka. Wapagazi waliopita kutoka Bukoba wakatuambia mzungu wa chupa yuko njiani.

Nikakimbilia kitabuni. Kitabu kikasema kileo kile kinapatikana kwa kukeneka pombe, yaani kuichemsha na kuunasa mvuke wake upoe uwe maji tena. Mvuke wa kwanza ni kileo chenyewe kikali, kile cha walevi. Kinachokuja mwisho kabisa, pombe ikiwa karibu kwisha nguvu, ndicho kile kizito kinachonuka. Watu wa kazi hiyo wanakiita mkia, nao hukimwaga. Kwa hiyo ili nimpate Mwajabu nilihitaji mkia wa pombe, na ili niupate mkia ilinibidi niwe na ng'ombe mzima, na ng'ombe huyo alikuwa amekatazwa uani kwa baba yake Mwajabu.

Pombe ya huku ni rubisi, ya ndizi. Nikaenda kijiji cha Ndama kwa Mzee Kaihura, ambaye mtumbwi wake wa kukamulia ndizi ulikuwa haukauki mwaka mzima. Nikamkuta na watu wake wanakanyaga ndizi mbivu kwa majani. Nikampa shikamoo. Akaitika huku anaitazama kofia yangu, kisha kanzu yangu, kisha njia niliyojia kama kuna wengine nyuma.

"Mswahili," akasema, "umepotea njia, au umepotea zaidi ya njia?"

Nikamweleza kwamba naitaka kwa ajili ya dawa.

"Kila anayekuja hapa ni mgonjwa," akasema Kaihura. "Wengine nimewatibu tangu wakiwa vijana na bado hawajapona."

Watu wake wakacheka hata wakaacha kukanyaga. Nikacheka nao, ningefanyaje. Nikamwambia sitaki nzuri, nataka ile iliyolala mpaka ikawa kali. Hapo akanitazama kwa heshima mpya, akasema kumbe ugonjwa wenyewe ni wa zamani. Akanijazia vibuyu, akaniazima na kijana wake mmoja mwenye mabega tusaidiane kuvibeba, vimefunikwa majani ya mgomba kama tunapeleka matoke.

Sikuviingiza uani. Ami alisema uani, na mimi ni mtu wa kushika neno. Nilivipeleka nje ya ua, nyuma ya migomba, mahali ambapo ua unaishia na kutii kwangu kunaanza. Nikangoja siku Ami alipokwenda Kamuli kutazama kahawa za watu, safari ambayo humlaza huko. Asubuhi hiyo nikawasha moto.

Chupa ya shingo ndefu nikaijaza rubisi, shingo nikaizungushia kitambaa kibichi ili mvuke upoe, na mdomoni nikategesha kibakuli. Nikachemsha kibuyu baada ya kibuyu. Kilichotoka nikakirudisha chupani nikakikeneka upya, maana mkia wa kibuyu kimoja ni kidogo kama machozi ya mwizi. Kile kikali cha mwanzo, ambacho rafiki zake Kaihura wangekipigania, nilikimwaga kwenye shina la mgomba. Mgomba ule ulikuja kuzaa mkungu mzuri, lakini hilo ni jambo lake.

Shida ilikuwa kujua mwanzo unakoma wapi na mkia unaanza wapi. Kwa Daktari tulikuwa na kipimajoto: kileo chepesi huchemka mapema, kizito huchemka joto likipanda sana, unasoma kioo unajua. Kipimajoto alikuwa amekwenda nacho. Basi nilitumia pua. Narudia, pua. Kila tone lililotoka nililipeleka puani, na likiwa bado jepesi na la kuchoma nikajua mkia haujafika.

Jua lilikuwa kali, na mvuke ni mvuke. Mtu akiinamia chupa tangu asubuhi anaweza kuona mambo. Kulikuwa na mbuzi wa jirani amefungwa hapo karibu, nikaona kama ananitabasamia, basi nikamweleza msawazo tangu mwanzo hadi mwisho. Alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote niliopata, hakunikatiza wala hakuniuliza habari za washenga. Nakumbuka nilimwambia pia kwamba kazi ya chupa siitaki sana kama anavyodhani, kwamba ningeweza kuuza chumvi na ngozi maisha yangu yote nikaridhika, ila yuko mtu mmoja ambaye sitaki anuse harufu ya duka la Bukoba. Nadhani niliimba kidogo. Mbuzi anapenda nyimbo.

Mchana ulipokuwa umekaa sawa, mkia ukatoka. Matone yakawa mazito, yakaelea juu ya maji bakulini kama macho ya mchuzi, na uvundo wake ukanishika koo. Niliukusanya kichupani nikiwa karibu kulia.

Wakati ule ule nikasikia mtu anakohoa barabarani. Akakohoa tena, karibu zaidi. Akaisalimu migomba kwa sauti kubwa. Akauliza kama kuna watu nyumbani, akauliza tena kama kuna watu, kisha akakohoa. Nilishangaa ni nani huyo mwenye kelele, na alipofika kwenye kona ya ua nikasikia ni Ami, yule paka, amerudi kabla ya siku yake.

Sijui miguu yangu ilifanya nini. Moto niliumwagia maji, vibuyu nikavitupia majani, kichupa nikakitia kibindoni. Uvundo ndio sikuwa na pa kuuficha. Nikageuka nikaona moshi wa udi unatoka nyumbani. Haukuwa udi wa kufukiza nguo. Ulikuwa moshi wa kufukuzia mashetani, mweupe, umejaa uani, unapita juu ya ua hadi migombani, na upepo ukiusukuma sawasawa kunijia mimi. Nilikuwa nimelisoma jambo la mwendo wa hewa katika kitabu cha pili, na mahali pale nilipachagua kwa kufikiria upepo. Ndivyo elimu inavyomwokoa mwenye nayo.

Ami akanitazama, akauliza kama ni mzima, mbona macho yamekuwa mekundu. Nikasema ni udi, Ami. Akasema kweli, udi ni mkali leo. Akaingia ndani akaomba maji.

Daktari alifika na mwavuli wake, uso umeungua jua, akakaa kwenye baraza ya duka. Ami akampa kahawa atafune. Daktari akaitafuna kwa adabu ya mtu anayekunywa dawa. Majirani wakasogea. Nyuma ya pazia la mlango niliona pindo la leso ninayoijua, na ncha za vidole vya miguu.

Daktari alianza kuniuliza mikono ya kaboni, akaingia kwenye sukari na jinsi hamira inavyoigeuza kileo, na kileo kinavyogeuka siki kikiachwa wazi. Nilijibu. Nikajibu kwa Kijerumani kisha nikarudia kwa Kiswahili ili Ami asikie ninapojua, na kwa kweli nilipojua nilirudia kwa sauti zaidi. Kisha akaniambia nitengeneze.

Nikatia mkia chupani, nikatia siki kali, nikatia tone la tindikali, nikaikalisha chupa ndani ya sufuria la maji ya moto. Watu wakangoja. Uvundo ulikuwepo, ukawepo, ukaanza kulegea. Kisha mama mmoja aliyekuwa anapita na kikapu akasimama akauliza ni nani mwenye ndizi mbivu hapo, anauza kiasi gani. Daktari akafumba macho akavuta pumzi.

Akauliza kwa nini kazi haiishi. Nikamweleza harusi na talaka, na namna zinavyolingana. Akauliza atafanyaje mtu anayetaka ndoa zizidi. Nikasema ayaondoe maji kila yanapotokea, maana yakibaki karibu ndiyo yanayowaachanisha, kama yule jamaa anayekuja kutembelea maharusi akahamia. Bi Asia akacheka huko ndani. Daktari akauliza na tindikali je. Nikasema ni mshenga, neno nililolitafuta sana mwenyewe.

Akaweka mwavuli chini. "Na ukiongeza washenga," akauliza, "mwishowe utapata ndoa nyingi zaidi?"

Ami akaacha kutafuna. Hakujua swali lina uzito gani, lakini aliuona uso wangu. Pazia halikutikisika.

"Hapana," nikasema. "Mshenga anaharakisha ndoa, na talaka anaziharakisha vile vile. Utafika upesi mahali ulipokuwa unakwenda, lakini ni pale pale."

Nyuma ya pazia mtu akacheka kwa pua, kicheko cha mtu aliyekwisha kudanganywa jambo hilo hilo akiwa anamenya matoke.

Daktari akauliza kwa lugha yake kile kileo kimetoka wapi, maana kichupa alichoniachia alikijua, na hiki ni kingine. Nikamweleza kwa lugha yake, kwa haraka na kwa sauti ya chini: rubisi, vibuyu, kukeneka, mkia. Akacheka hadi akashika mbavu, akanipiga begani. Ami akataka kujua tumesema nini. Nikamwambia Daktari ameuliza kileo kimetoka wapi, nami nimemjibu kimetoka kwenye ndizi. Na hilo, mtu yeyote mwenye haki atakubali, ni kweli tupu.

Daktari akamgeukia Ami, akasema kwa Kiswahili chake cha kupanda milima: "Huyu soma. Huyu fahamu. Mimi nataka yeye kazi."

Ami akanigeukia mimi.

"Na hicho kileo chako, Seif," akasema. "Kilipita mdomoni?"

"Kwa pua tu, Ami."

Akanitazama kama mtu anavyotazama kitambaa ambacho amekwisha kuamua kukinunua, anatafuta tu tundu la kuombea punguzo. Kisha akasema tusome Fatiha.

Basi tukaoana. Mshenga hakuhitajika, ingawa tulimlisha. Siku hizi ni msimu wa senene tena, na jioni hii nilimsomea Mwajabu niliyoyaandika humu, yeye akichambua senene kwenye ungo, kwani nilidhani atafurahi kuona nimemsifu. Alisikiliza vizuri. Mahali pa mbuzi aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika. Nilipomaliza akaokota senene mmoja, akamng'oa mbawa.

"Kwa pua," akasema.

Nikasema ndiyo, kwa pua.

"Kitabu kilisema utie tone katika maji. Likichanganyika, bado. Likielea, mkia umeanza. Ulinisomea mwenyewe, ukarudia. Pua ya nini?"

Nikasema kwa kihoro kile nilisahau.

"Na kidole ulichokuwa unalamba?"

Nilimwuliza ni nani aliyemzulia habari hizo. Hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Tulikuwa upande wa pili wa migomba. Mimi na Baba. Kahawa za Kamuli hazikuwa tayari, akarudi, akasikia mtu anamfundisha mbuzi. Alikuja kunichukua jikoni, akanishika mkono tukasimama. Tulikusikia yote. Ya duka la Bukoba pia." Akaokota senene mwingine. "Ulikuwa unalamba, unatema, unasukutua kwa maji, unalamba tena. Baba akasema mpenda pombe hatemi. Kisha akaniambia nikawashe udi mwingi, majirani wasije wakapata la kusema. Yeye akazunguka hadi barabarani ili aanze kukohoa."

Kwa hiyo haukuwa upepo. Lakini nilifurahi, tena nilifurahi sana, nikapiga goti kwa kiganja. Nikamwambia basi amejihukumu mwenyewe kwa ulimi wake: Ami, mtu mzima, mcha Mungu, ni shahidi wangu kwamba nilitema, na neno langu la kwanza humu nilisema kooni, sikusema mdomoni. Linasimama kama lilivyo.

"Tone la mwisho hukutema," akasema Mwajabu, akipeperusha mbawa kutoka kwenye ungo. "Baba alikuwa ameshageuka. Mimi nilikuwa bado nakutazama."